Madoa ya Jua Usoni: Kofia Kichwani, Limau Kwenye Sahani

Leo naomba tuweke pembeni kidogo kantangaze na bei ya mbolea, tuongelee ngozi yako wewe mwenye shamba.

Ukiacha maswali ya magonjwa ya nyanya, kuna swali linanifikia karibu kila wiki: "Afisa, nisaidie dawa ya asili ya haya madoa ya jua usoni." Dada zetu wanauliza zaidi, lakini vijana wa kiume nao wanauliza, ila wao wanakuja pembeni kimya kimya. Mabaka ya kahawia au meusi kwenye mashavu, paji la uso na juu ya mdomo, na shingo imekuwa rangi mbili. Wengi wakati wanauliza wameshaanza kujitibu: limau na chumvi, manjano na asali, papai bichi, ndimu na dawa ya meno. Wengine wameshafika kwenye mkorogo.

Msimamo wangu nautoa mapema ili usisome makala nzima ukiwinda jibu. Mimea ina faida kwa ngozi, lakini faida hiyo huipati kwa kukamulia tunda usoni halafu ukaingia shambani. Dawa ya kwanza ya madoa ya jua ni kivuli. Mimea inafuata, na sehemu yake kubwa ni kwenye sahani. Anayekuambia kinyume anakumalizia hela, na mara nyingine anakuharibia ngozi ambayo ndiyo kinga yako ya kwanza unapopuliza viuatilifu.

Anza kujifunza kwa nyanya yako

Mmea hauwezi kukimbilia kivulini kama wewe, kwa hiyo umejitengenezea ulinzi wake. Tazama majani machanga ya mwembe yanavyotoka na rangi ya kahawia-nyekundu kabla ya kuwa ya kijani. Ile rangi inalikinga jani changa wakati bado ni laini. Karoti, nyanya, rozela, mchicha na chai vyote vina vitu vya namna hiyo ndani yake. Wataalamu wanaviita antioksidanti, sisi tumezoea kusema viondoasumu. Kazi yake ni kutuliza chembe haribifu zinazozaliwa pale mwanga mkali unapopiga seli hai.

Hapo ndipo watu wanaporuka kwenda kwenye hitimisho: kama limau lina viondoasumu, basi nijipake limau. Ngoja kwanza. Chukua shamba la nyanya. Ukipogolea majani kupita kiasi kipindi cha jua kali, nini kinatokea? Tunda linababuka. Linatoka baka jeupe lililolegea, baadaye linakauka kama karatasi, na dalali sokoni analitupa pembeni. Tunda lile lina viondoasumu vyake ndani, tena vingi. Mbona havikuliokoa? Kwa sababu kilichokuwa kinalilinda kwa sehemu kubwa ni majani. Kivuli kimeondoka, ulinzi wa ndani ukazidiwa. Na hakuna mbolea ya majani utakayopuliza ikairudisha nyanya iliyobabuka kuwa nzima.

Ngozi yako inaenda kwa mantiki hiyo hiyo. Jua lina miale isiyoonekana kwa macho, ile ya urujuanimno. Ikiipiga ngozi, ngozi inajitetea kwa kutengeneza rangi nyeusi iitwayo melanini, ambayo ni kama mwavuli wa seli. Doa ni sehemu ambapo ulinzi huo umezidi kipimo. Sasa ukihangaika kuondoa ile rangi huku kila siku saa 6 mchana uko kwenye matuta bila kofia, ngozi itaitengeneza tena. Ni sawa na mtu anayepuliza dawa ya ukungu huku kila jioni anamwagilia maji juu ya majani. Hela inaisha, ugonjwa upo pale pale.

Jua pia si msababishi pekee. Ujauzito, baadhi ya njia za uzazi wa mpango zenye homoni, urithi wa ukoo, makovu ya chunusi na ngozi iliyowashwa na kemikali, vyote vinaweza kuleta madoa. Jua linayakoleza tu. Ndiyo maana watu wawili wanalima shamba moja, mmoja anapata mabaka na mwingine hapati.

Hesabu ya limau

Nyie ni wakulima wa biashara, twende kwa vipimo.

Kiondoasumu kinachotafutwa kwenye limau ni vitamini C. Juisi ya limau ina takriban miligramu 40 za vitamini C kwa kila gramu 100, yaani asilimia 0.04. Krimu na seramu za vitamini C zinazotumika kwa madoa kwa kawaida zinakuwa na asilimia 10 hadi 20. Piga hesabu: hata ukilinganisha na ile ya asilimia 10, limau lako liko chini mara 250. Ukiambiwa uweke mililita 250 za kiuatilifu halafu ukaweka mililita 1, utategemea nini shambani?

Na vitamini C yenyewe ni dhaifu. Mwanga na hewa vinaiharibu haraka, ndiyo maana hizo seramu zinafungashwa kwenye chupa za rangi ya kahawia zenye mfuniko unaobana. Limau ulilokamulia kwenye kisahani dirishani halina ulinzi huo.

Kitu ambacho limau linacho kwa wingi ni tindikali. Asilimia 5 hivi ya juisi yake ni tindikali ya sitriki, na pH yake iko karibu na 2. Wewe unayepima pH ya udongo unajua hiyo namba maana yake nini. Kwa hiyo umejipaka tindikali ya kutosha na vitamini kidogo sana. Ngozi inawashwa, na ngozi nyeusi ikiwashwa huwa inaacha doa jeusi. Umeongeza tatizo ulilokuwa unalitibu.

Ndimu ni mbaya zaidi. Maganda na juisi yake vina kemikali ambazo zikikaa kwenye ngozi kisha jua likapiga, zinaunguza. Si kuwasha tu, ni kuungua kwelikweli. Dalili huanza baada ya siku moja hivi, hukolea siku ya pili au ya tatu, kunaweza kutoka malengelenge, halafu linabaki doa jeusi la wiki nyingi au hata miezi. Wavunaji wa ndimu mnalijua hili hata kama hamkuwa mnajua sababu yake: michirizi myeusi mikononi iliyofuata njia ambayo juisi ilichuruzika. Kama umevuna au umekamua ndimu, nawa kwa maji na sabuni kabla hujatoka juani. Na kama unavuna selari, tahadhari ni hiyo hiyo.

Mimea inayosaidia, na mipaka yake

Sitaki mtu aseme afisa anapinga mimea. Maisha yangu ni mimea. Ninachotaka ni kila mmoja uwekwe mahali pake.

Aloe vera: Ute mweupe wa ndani unapoza ngozi iliyochomwa na jua. Utomvu wa njano ulio chini ya ganda unawasha, kwa hiyo lisimamishe jani lichuruzike kwanza, menya, osha ute ndipo upake. Tumia jioni. Usitegemee ufute mabaka ya miaka miwili.

Manjano: Yana kurkumini, ambayo ni kiondoasumu kizuri, lakini haiyeyuki vizuri kwenye maji na mwanga unaiharibu. Ukipaka usoni kinachobaki ni rangi ya njano na foronya ya mto iliyoharibika. Weka kwenye mchuzi.

Chai ya kijani: Inatoka kwenye mmea ule ule wa chai tunayoilima Mufindi, Rungwe na Lushoto, ila majani yake hayachachushwi, kwa hiyo yanabaki na viondoasumu vingi zaidi. Kunywa. Si dawa ya doa, ni kinywaji kizuri.

Nyanya: Hapa kuna jambo la kufurahisha wakulima. Mwaka 2001 watafiti wa Ujerumani walichapisha matokeo ya watu waliokula gramu 40 za nyanya ya kopo pamoja na mafuta ya zeituni kila siku kwa wiki 10. Ngozi yao ilipopigwa na mwanga wa urujuanimno, wekundu ulikuwa pungufu kwa takriban asilimia 40 ukilinganisha na wenzao ambao hawakula nyanya hiyo. Lakini soma vizuri: watu walikuwa wachache, walipima wekundu na si madoa, ilichukua wiki 10, na walikula, hawakujipaka. Nyanya iliyopikwa na mafuta inatoa kile kiondoasumu chake chekundu vizuri kuliko mbichi.

Karoti, viazi lishe, maembe na mboga za majani: Vina betakarotini, inayokwenda hadi kwenye ngozi ukila kwa muda mrefu. Navyo vinataka mafuta kidogo.

Mapera: Kwa uzito ule ule, pera lina vitamini C takriban mara nne ya chungwa. Unalipita limedondoka njiani, halafu unaenda kununua chupa ya vitamini mjini.

Umeona mpangilio? Vingi vinaishia jikoni. Na pale kemikali inayopatikana kwenye mimea inapokuwa dawa ya kweli ya madoa, huwa imepimwa na kusafishwa. Mfano ni tindikali ya azelaiki, ambayo ipo kwenye nafaka kama ngano na shayiri. Madaktari wa ngozi wanaitumia kwa mabaka ya usoni. Lakini hakuna daktari anayekuambia ujipake uji wa ngano. Kinachotibu ni kipimo kilichoandaliwa, pamoja na kukinga jua wakati wote wa matibabu, na bado mabadiliko huchukua miezi.

Mkorogo na bomba la kupulizia haviendi pamoja

Hii ndiyo sehemu inayonifanya niandike leo. Limau likishindwa, wengi wanahamia mkorogo. Ndani ya mkorogo kunaweza kuwa na zebaki, haidrokwinoni au dawa kali za jamii ya steroidi, na mara nyingi kopo halisemi.

Zebaki inapita kwenye ngozi, inaharibu figo, na kwa mjamzito inamfikia mtoto tumboni. Mkataba wa Minamata kuhusu zebaki uliweka mwaka 2020 kuwa mwisho wa kutengeneza, kuingiza na kuuza nje vipodozi vya kung'arisha ngozi vyenye zebaki inayozidi sehemu 1 kwa milioni. Haidrokwinoni ikitumiwa muda mrefu kiholela inaweza kuifanya ngozi igeuke nyeusi yenye ubuluu, na jua linazidisha hali hiyo. Vyote viwili vimepigwa marufuku kwenye vipodozi hapa Tanzania. Steroidi zinaifanya ngozi kuwa nyembamba.

Sasa fikiria kama mkulima. Ngozi nzima ni ukuta. Unapopuliza, tone likidondoka mkononi, ukuta huo unachelewesha sumu isiingie hadi unawe. Ngozi iliyochubuliwa au kufanywa nyembamba inapitisha kemikali kwa urahisi zaidi. Kijana anayejichubua usiku halafu asubuhi anabeba bomba la lita 16 mgongoni amejivua nguo ya kinga ambayo hakuna duka la pembejeo linaiuza. Doa la usoni halijawahi kumuua mtu. Figo zikifa na sumu ikiingia mwilini ni habari nyingine kabisa.

"Lakini bibi zetu walitumia vya asili"

Hoja hii naisikia sana na ninaiheshimu. Bibi wa pwani aliyepaka liwa usoni alikuwa pia anajitanda kanga kichwani. Sisi tumechukua liwa tukaacha kanga.

Na neno "asili" lisitulevye. Utomvu wa mnyaa ni wa asili, ukiingia jichoni unaweza kukupofusha. Kitunguu saumu ni cha asili, ukikifunga kibichi kwenye ngozi kinaunguza. Tumbaku ni ya asili. Mkulima anayeijua mimea vizuri ndiye anayepaswa kuwa wa kwanza kuiogopa pale inapostahili.

Basi nifanye nini?

1. Panga saa za kazi. Miale ni mikali zaidi kati ya saa 4 asubuhi na saa 10 jioni. Kupalilia, kupogolea na kuvuna weka alfajiri na jioni. Mchana fanya kazi za kivulini: kupanga madaraja, kufungasha, hesabu, simu za wateja. Kipimo rahisi: kivuli chako kikiwa kifupi kuliko urefu wako, jua ni kali.

2. Usidanganywe na baridi. Wa Njombe, Mbeya na Lushoto, nyie ndio nawasema. Kila ukipanda mita 1,000 kwenda juu, miale ya urujuanimno inaongezeka kwa takriban asilimia 10. Njombe mjini ni karibu mita 2,000. Unavaa sweta, husikii joto, uso unaungua. Mawingu membamba nayo yanapitisha miale mingi.

3. Kofia pana, shati la mikono mirefu. Kapelo inafunika paji la uso na kuacha masikio, shingo na sehemu ya mashavu. Tafuta kofia yenye ukingo pande zote, hata ya ukindu. Kitambaa kilichofumwa kwa kubana ni bora kuliko kile unachoona mwanga ukipita.

4. Losheni ya kukinga jua ukiweza kuimudu. Iwe SPF 30 au zaidi, paka ya kutosha, rudia kila baada ya saa mbili ukiwa juani. Jasho linaiondoa. Kama hela haitoshi, anza na kofia, usianze na losheni.

5. Kula unacholima. Nyanya na karoti za kupika na mafuta, viazi lishe, mboga za majani, mapera. Ni ajabu mkulima wa mboga kula ugali na soda shambani halafu kununua viondoasumu vya vidonge.

6. Usifute jasho usoni kwa glavu au mkono wenye dawa. Baadhi ya mnayoita madoa ya jua ni ngozi iliyowashwa na kiuatilifu. Beba kitambaa safi mfukoni na maji ya kunawa.

7. Nenda hospitali mapema. Mimi ni mtu wa mimea, ugonjwa wa ngozi unatambuliwa na mtu wa afya. Baka jepesi lisilo na hisia ukiligusa linaweza kuwa ukoma, unaotibika, lakini usichelewe. Doa linalokua, linalotoa damu au kidonda kisichopona lionwe na daktari. Kama unatumia dawa kama doksisaiklini na jua linakuchoma kuliko kawaida, mwambie aliyekuandikia.

Kwa wenzetu wenye ualbino wanaolima, hapa sina mjadala. Kwao jua linaleta saratani ya ngozi, na hakuna juisi wala unga wa jani lolote unaochukua nafasi ya nguo, kofia, kivuli na losheni. Kuna losheni iitwayo Kilisun inayotengenezwa Moshi, KCMC, maalumu kwa watu wenye ualbino. Uliza kliniki ya ngozi iliyo karibu yako. Na wewe mwenye shamba, ukimwajiri mtu mwenye ualbino, mpe kazi za kivulini.

Kwa mnaoona biashara hapa

Najua wapo wanaoambiwa walime aloe vera au mlonge kwa ekari kwa sababu "soko la vipodozi ni kubwa". Soko la vipodozi lipo. Swali langu ni moja: mnunuzi wako ni nani, na ameandika bei wapi? Kama jibu ni "watakuja wenyewe", lima nyanya.

Na kama unataka kutengeneza sabuni au mafuta ya kupaka, fanya kwa heshima. Vipodozi viko chini ya TBS tangu mwaka 2019, na SIDO wanasaidia wajasiriamali wadogo kufika huko. Uza mafuta ya parachichi au ya ubuyu kama mafuta ya kulainisha ngozi. Usiandike "inaondoa madoa ndani ya siku 7", kwa sababu haiondoi, na mteja aliyedanganywa harudi.

Neno langu la mwisho

Tukikaa kuandaa mchanganuo wa gharama za ekari moja, tunaandika mbegu, mbolea, viuatilifu, maji, vibarua. Sioni mstari wa kofia. Ninashauri tuuweke kuanzia msimu huu, kofia moja kwa kila anayeingia shambani, mwenye shamba na kibarua. Ukiweza kufunika kitalu cha miche kwa nyasi wiki tatu ili isiungue, unaweza kumfunika binadamu kichwa.

Limau lipeleke kwenye samaki. Maswali weka hapo chini, na anayelima ndimu atuambie hali ya mikono yake. Kazi njema shambani.